Ukuta Uliotoa Maji Siku ya Jua

Jengo letu liko Kasulu mjini, kwenye barabara inayoteremkia sokoni. Chini kuna fremu za maduka, juu kuna vyumba vya kulala wageni. Ni mali ya watu wawili, mimi na mdogo wangu. Kiwanja alituachia baba. Mimi nilitia kiinua mgongo changu nilipostaafu unesi, yeye akatia alichopata kwenye biashara ya maharage, na matofali tulichomesha wenyewe. Tulikubaliana tangu mwanzo kwamba mimi nitabaki Kibondo na migomba yangu, naye ataendesha jengo. Kila baada ya muda ananipigia simu kunipa habari, na mara nyingi habari yenyewe ni kwamba ameshaamua jambo.

Ni mtu wa kupenda vitu vizuri. Tulipokuwa wasichana kule Kumsenga alikuwa anakata picha kwenye kalenda za zamani na kuzibandika kwenye ukuta wa chumba chetu kwa uji wa muhogo. Panya walikula uji, picha zikadondoka, na asubuhi yeye akapika uji mwingine akabandika upya. Mama alimwacha, maana alijua hata akimkataza hataacha.

Basi siku moja, jengo likiwa limeshaanza kuingiza wageni lakini kuta za nje bado ni tofali tupu, alinitumia picha kwenye simu. Ilikuwa picha ya jengo moja la Dodoma, rangi ya maziwa, pembe zake za kahawia, madirisha yamezungushiwa fremu nene kama za picha. Kabla sijamaliza kuitazama akapiga.

"Dada, umeiona?"

"Nimeiona. Ya nani?"

"Sijui ya nani. Nataka na letu liwe hivyo. Mtu akishuka stendi aulize lile ni la nani."

Nilimuuliza lile ni saruji ya namna gani. Akasema si saruji, ni kitu cha kisasa. Fundi anabandika ukutani mbao za povu jeupe, lile linalokuja ndani ya boksi la televisheni, juu yake anaweka neti na gundi, halafu anapaka rangi nzito yenye chengachenga. Ukuta hauchubuki, na chumba hakiwi na joto. Nikamwambia Kasulu nani amewahi kulalamikia joto. Alicheka. Fundi alikuwa ameshapatikana.

Fundi huyo alikuwa kijana wa Kahama, mpole, anayeita kila mwanamke aliyemzidi umri mama. Nilikwenda kumwona akimalizia. Nakumbuka jinsi alivyolainisha kona kwa mwiko mdogo, akirudi nyuma kutazama, akirudia tena. Paa nalo walilificha, kama majengo mengi ya siku hizi: ukuta umepandishwa juu ya bati pande zote, ukiwa chini huoni bati hata kidogo. Walipobomoa kiunzi cha miti, jengo likabaki peke yake na rangi yake ya maziwa, na kweli lilikuwa zuri. Maharusi walikuja kupigia picha pale mbele. Mimi mwenyewe, nikipita na watu ninaofahamiana nao, nilikuwa napunguza mwendo.

Mvua za mwaka wa kwanza zilipita bila neno. Za mwaka wa pili zilikuwa kubwa, zile zinazokuja na upepo kutoka upande wa vilima na kupiga ukuta ubavuni kana kwamba mtu anamwaga ndoo. Zilipokaribia kuisha nilikwenda Kasulu kuonyesha macho yangu hospitali, na mdogo wangu akanipa chumba cha juu cha upande ule wa vilima. Nilipofungua mlango tu nikasikia harufu ya gunia la maharage lililolowa.

"Ni harufu ya mvua," alisema, na kufungua dirisha.

Mimi nimefanya kazi wodini maisha yangu yote, harufu ya kitu kilichofunikwa naijua. Asubuhi nilisogeza kabati. Nyuma yake ukuta ulikuwa na madoa meusi kutoka sakafuni hadi usawa wa kiuno, na rangi ilikuwa imefura malengelenge. Nilipobonyeza moja likapasuka, vumbi jeupe lenye unyevu likabaki kidoleni. Nikamwita. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Hili kabati uliliweka wewe hapa?" nilimuuliza.

"Nimepaka rangi mara mbili," alisema. "Inarudi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Wewe uko Kibondo. Nilifikiri jua likitoka patakauka."

Hatukugombana sana. Alikuwa ameshajaribu kila alichokijua: ubani, chokaa, mapazia mazito, kabati. Wageni wa chumba kile alikuwa akiwahamishia upande wa mbele na kuwaambia kitasa ni kibovu. Nilimwonea huruma zaidi kuliko nilivyokasirika, nikaamua nisirudi Kibondo kwanza.

Sasa, fremu ya pembeni kabisa, chini ya chumba kile, amepanga mzee mmoja anayeuza vitenge na mashuka. Wazazi wake walitoka pwani wakaja Ujiji, yeye akapandia huku juu akiwa kijana na hakurudi tena. Ni mtu wa swala tano na wa maneno machache, na watu wote wanamwita Alhaji. Mvua zilipokatika alitaka kuweka kibao kipya cha duka lake, si mbele tu, na ubavuni pia, ili wanaotoka sokoni wakione. Akaleta mtu mwenye mashine ya kutoboa.

Ilikuwa mchana, jua kali, na mvua ya mwisho tulikuwa tumeshaisahau. Tulikuwa ghorofani tunakunja mashuka tukasikia Alhaji anaita kutoka chini, bila haraka.

"Dada zangu, hebu njooni mtazame. Hapa pana bomba?"

Tukateremka. Yule mtu wa mashine alikuwa ameshuka kwenye ngazi, amesimama mbali kidogo na ukuta. Kwenye tundu alilotoboa maji yalikuwa yanatoka. Hayakuruka. Yalikuwa yanateremka kwa utaratibu, ya rangi ya chai, yakichora mstari juu ya ile rangi ya maziwa hadi chini.

"Bomba halijapita huku," alisema mdogo wangu. "Mabomba yote yako nyuma."

"Basi haya ya wapi?" aliuliza Alhaji.

Tulifunga koki ya tanki ili tuwe na uhakika. Tukakaa tunatazama. Maji yakaendelea kutoka. Alhaji akaleta kopo la rangi lililokwisha akalikinga chini ya tundu, na lilipofika nusu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba vitenge vyake vya rafu ya nyuma vimeanza kuota ukungu, na kwamba alikuwa anatafuta namna ya kutuambia bila kutuudhi. Mdogo wangu alifunika mdomo kwa kiganja. Halafu akaingia dukani kwa Alhaji na kuanza kushusha majora ya rafu ya nyuma, moja moja, akiyapeleka uani kuyaanika kwenye kamba. Jioni ile uani kwetu palikuwa kama mnadani.

Nilimpigia fundi mimi. Nilitegemea asipokee, au apokee aseme yuko mbali. Alipokea. Nilimweleza, akauliza, "Upande wa vilima, mama mkubwa?" Nikamwambia ndio. Akasema atakuja, na alikuja, na begi lake la vifaa, kwa nauli yake.

Alikata mraba ukutani kwa kisu, karibu na lile tundu, akaung'oa. Nyuma yake povu halikuwa jeupe tena. Lilikuwa la manjano, limelowa, na ndani yake sisimizi walikuwa wamechimba njia zao na kutaga mayai. Walimwagika mikononi mwake. Akajipangusa, akaweka kiganja kwenye tofali, akanishika mkono akaniwekea pale pale. Tofali lilikuwa baridi na limelowa kama mtungi.

"Mbona huko juu hapavuji?" mdogo wangu aliuliza. "Ukuta haujapasuka popote. Nimeuzunguka mara ngapi."

Fundi alipanda juu ya paa, akakaa huko muda mrefu. Aliposhuka alikaa chini kabisa, kwenye mavumbi, mgongo ukiwa umeegemea ngazi.

"Maji yanaingilia juu, mama," alisema. "Pale ukuta unapopita bati. Na kwenye pembe za madirisha. Matundu madogo, huwezi kuyaona. Yakishaingia yanakaa kati ya povu na tofali, na hii rangi haiyaachii kutoka. Ningekuwa nimeweka nafasi ya kutokea huku chini yangetoka. Sikuweka."

"Hukujua?" nilimuuliza.

"Nilifundishwa Dodoma. Kule hatukuwahi kuweka, na hakuna jengo lililoharibika. Kule mvua inakuja inaondoka. Huku kwenu…" Alitazama vilimani.

Nilikuwa nimejiandaa kumfokea. Maneno yangu nilikuwa nayo tayari tangu jana yake. Lakini mtu aliyekuja mwenyewe na kusema "sikuweka", utamfokea useme nini? Mdogo wangu aliondoka akaenda jikoni. Nilifikiri ameenda kulia, nikamfuata. Alikuwa anasonga ugali wa muhogo, sufuria kubwa, wa watu wote.

"Nilitaka pawe pazuri," alisema bila kunitazama.

"Palikuwa pazuri."

"Unasema tu."

"Hata mimi nilikuwa napunguza mwendo nikipita na watu."

Akacheka kidogo, puani. Tulipeleka chakula nje, ugali na samaki, migebuka ya mawese, tukala sisi, fundi, Alhaji na yule mtu wa mashine aliyekuwa amepita kuulizia kibao, na wakati wa kula tukazungumza la kufanya.

Mimi nilisema ling'olewe lote, mbele na nyuma, tumalizane nalo. Mdogo wangu alikataa. Upande wa vilima ung'olewe, alisema, na sehemu yake ya juu yote, lakini upande wa mbele una baraza, mvua haiufikii, kwa nini tuuvunje kwa hasira? Nikamwambia ni kwa sababu anaipenda ile rangi. Akasema ndiyo, anaipenda, na pia mvua haiufikii. Fundi alifunua ukuta wa mbele sehemu mbalimbali ili tuone. Kote tofali lilikuwa kavu, povu jeupe vile vile alivyolibandika. Niliweka mkono mwenyewe, nikakubali.

Kazi ya kung'oa ilianza kiangazi kilipoingia, na hakuna aliyekuwa ametuambia jinsi lile povu linavyopeperuka. Punje zake zilienda mtaa mzima. Zilikaa kwenye nywele za watu, kwenye unga wa muuza chapati, kwenye taa za pikipiki. Mdogo wangu alishinda na ufagio, anafagia mbele ya maduka ambayo si yetu, anaomba radhi duka kwa duka. Alhaji aliazima turubai kubwa kwa jamaa yake tukazungushia upande ule, ikawa afadhali.

Vipande vilivyokuwa vikavu tulivirundika uani, hatujui tuvipeleke wapi. Mama mmoja Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, aliyekuwa na kibali cha kuja mjini na kununua mashuka kwa Alhaji, alivizunguka mara mbili akavigonga kwa vidole.

"Mama, hizi muko munatupa?"

"Tunatupa."

"Munipatie basi. Niko nauza samaki. Nitapanga ndani ya boksi, barafu haitayeyuka mbio."

Akafunga furushi lililomzidi urefu. Aliporudi mara nyingine alituletea samaki wawili, baridi kweli kweli, akatushukuru kwa "merci" nyingi, na wenzake walikuja kubeba vilivyobaki. Nilifurahi kuona kitu kilichotusumbua kinapata kazi mahali pengine.

Baada ya hapo ukuta ukaachwa wazi. Fundi alisema tusipake chochote mpaka tofali likauke hadi ndani, na kukauka kwake kutachukua kiangazi kizima. Alituachia kazi ya kupima: tunabandika kipande cha nailoni kwenye tofali, tunakizungushia utepe wa gundi pande zote, tunakiacha mpaka kesho yake. Kikiwa na jasho kwa ndani, bado.

Ndiyo maana nilibaki. Nilimwambia jirani yangu wa Kibondo aniangalizie migomba, nikahamia chumba kimoja na mdogo wangu, kwa sababu vyumba vizuri tuliviachia wageni. Hatukuwa tumelala chumba kimoja tangu nilipoolewa. Niligundua kwamba bado anaongea usingizini, na yeye akagundua kwamba mimi nakoroma, jambo ambalo marehemu mume wangu hakuwahi kunitajia. Asubuhi, kabla ya chai, tulikuwa tunazunguka nyuma na mashuka yetu mabegani, kwenye baridi ile ya Kasulu ya mwezi wa sita, kutazama nailoni zetu.

"Bado," anasema yeye.

"Bado. Lakini leo ni kidogo."

"Hiyo ya chini imelowa vile vile."

"Ya chini itachelewa."

Halafu tunaenda kunywa chai. Yalikuwa ndiyo mazungumzo yetu ya kila siku, na nikiyakumbuka leo naona sijawahi kuwa na asubuhi nzuri zaidi ya zile.

Wageni walipungua mwanzoni. Wakipita na kuona tofali tupu na matope ya gundi walidhani tunabomoa. Wafanyakazi wa mashirika, waliozoea kulala kwetu wakienda kambini, walipiga simu kuuliza kama tumefunga. Mdogo wangu aliwajibu kwa sauti ile aliyokuwa akitumia kuuza maharage: hatujafunga, tunakausha ukuta, karibuni, chakula kipo. Wengi walikuja. Mmoja, mama wa makamo mwenye kifua cha pumu, alitushika siku ya kuondoka akasema safari hii amelala usiku mzima bila kukohoa. Mdogo wangu alimbebea begi hadi kwenye gari, jambo ambalo hafanyi kwa mtu yeyote.

Siku nailoni zote zilipotoka kavu tulimpigia fundi. Alikuja na mwenzake wa kupaua. Upande wa vilima waliushusha ule ukuta wa kuficha paa, wakatoa kenchi, mbao za kubebea paa, nje na kuongeza bati mpaka likapita ukuta kwa hatua nzima, wakafunga gata la kukinga maji. Madirisha waliyazibua na kuyaziba upya kwa silikoni, na juu ya kila dirisha wakapinda kipande cha bati ili maji yadondokee nje. Ukuta wenyewe waliupiga lipu ya saruji na chokaa, na juu yake rangi nyepesi inayoruhusu ukuta kupumua. Chini kabisa waliacha mistari ya tofali wazi, ili lipu isinyonye maji ya ardhini. Upande wa mbele walikata ile chengachenga isiguse sakafu ya baraza, na fundi akatuonyesha mahali pa kutazama kila mvua zikiisha.

Rangi ndiyo iliyotugombanisha. Mdogo wangu alitaka ile ile ya maziwa, ubavu ufanane na mbele. Mimi nilisema haitafanana kamwe, huku ni lipu na kule ni chenga, bora tuweke rangi nyingine kabisa, ya udongo. Tulibishana mbele ya fundi hadi akaomba ruhusa akanywe soda. Mwishowe aliamua Alhaji bila kujua, alipotoka dukani kuuliza kama ile ya udongo ndiyo tumechagua, maana kibao chake kipya kina maandishi ya kijani na kitaonekana vizuri juu yake. Mdogo wangu akaenda mbali, akasimama upande wa pili wa barabara, akatazama muda mrefu. Aliporudi alisema, "Haya."

Mwenye jengo jipya jirani na stendi alikuja siku moja kututembelea. Naye alikuwa na picha kwenye simu. Alitaka kujua kama tunajuta na kama amwite fundi wetu. Nilimwachia mdogo wangu amjibu. Alimtembeza jengo lote, akamwonyesha mbele na ubavu, akamwambia kitu chenyewe si kibaya, ila asimuulize fundi jinsi kitakavyoonekana, amuulize mvua itapiga upande gani na maji yakiingia yatatokea wapi. Na fundi wetu ndiyo, amwite, maana sasa anajua. Yule bwana aliandika namba akaenda.

Mvua ya kwanza ilikuja mchana, ghafla, na upepo wake ule wa vilimani. Tulikimbilia chumba cha juu sote wawili, tukaweka viganja ukutani kama watu wanaopima homa. Hatukusikia chochote ila baridi ya kawaida. Mdogo wangu akafungua dirisha kidogo akachungulia chini, akaniita.

Chini ya lile bati lililoongezwa, kando ya ukuta, walikuwa wamesimama watu. Akina mama waliotoka sokoni na beseni zao, vijana wa bodaboda waliovuta pikipiki zao ndani ya ukavu, wanafunzi. Alhaji alikuwa ametoa benchi la dukani akawakalisha wazee. Hatukuwa tumefikiria hilo hata kidogo tulipokuwa tunapaua.

"Hawa wote hawajanywa chai," mdogo wangu alisema.

Alishuka akawasha jiko la mkaa barazani. Siku ile aliuza birika mbili, iliyofuata akakaanga na maandazi, na sasa kila mvua ikianza kuna watu wanaotembea haraka makusudi ili iwakutie kwetu. Anasema anataka kuweka meza ndefu pale, na viti, na taa. Nimemwambia kwanza amwulize fundi taa zitaingilia wapi ukutani.

Jirani yangu wa Kibondo amepiga simu kusema migomba imezaa na ndizi zinaivia shambani. Nikamwambia avune ale, nitakuja.

"Utaenda lini?" mdogo wangu aliniuliza, mikono ikiwa na unga hadi kwenye viwiko.

"Mvua zikipungua."

"Ndio kwanza zimeanza."

"Basi."

Akanisukumia nusu ya donge la unga, nikanawa mikono, nikaanza kukata maandazi.